Sauti ya Maji katika Kompyuta: Vitenzi vya Kelele na Utambuzi wa Hitilafu

Mtu aliye Kibombo akitaka kumweleza fundi aliye Kindu kwamba kompyuta yake imeanza kutoa sauti isiyo ya kawaida, hana chombo kingine ila maneno. Kati ya miji hiyo miwili pana zaidi ya kilomita 100, nayo safari si ya kuanzwa kwa shaka tupu. Kumsikilizisha fundi sauti yenyewe hakusaidii sana, kwa sababu simu ya kawaida hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu. Pampu ndogo inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mvumo wa hezi 50, na sehemu kubwa ya mvumo huo hupotea njiani. Kwa hiyo fundi atategemea kitenzi atakachotumia mteja wake. Akiambiwa «inapiga kelele» tu, hajaambiwa kitu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi vya sauti tulivyo navyo katika Kiswahili vinatosha kutenganisha hitilafu kuu za kipozeo cha maji, mradi vitumiwe kwa uangalifu.

Kwanza tueleze mashine yenyewe. Kompyuta nyingi hupozwa kwa feni peke yake. Zile zenye prosesa ya nguvu, ambazo aghalabu hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika kwingineko, huweza kuwa na kibamba cha chuma juu ya prosesa, pampu iliyoshikamana nacho, mipira miwili, na rejeta yenye feni. Ndani yake huzunguka maji yaliyochanganywa na dawa za kuzuia kutu na uoto. Msomaji asitishike: ni mzunguko ule ule wa injini ya lori au ya garimoshi la dizeli, na wakazi wa Kibombo, mji ulio kwenye reli ya Kindu na Kongolo, wanajua rejeta ni nini. Tofauti kubwa ni kwamba mzunguko wa kompyuta mara nyingi hufungwa kiwandani, wala mwenyewe hatarajiwi kuongeza maji.

Tuanze na *bubujika* na *gugumia*. Sauti ya maji yanayobubujika, au ya mtu anayegugumia kinywaji, ni dalili ya hewa ndani ya mzunguko. Vitenzi hivi vina silabi iliyorudiwa mwanzoni, bu-bu na gu-gu, na urudufu huo si pambo: unaiga sauti inayokatika na kurudi, ndivyo povu linavyopita katika pampu. Hewa hiyo inatoka wapi? Maji hupenya polepole sana kwenye kuta za mipira kwa muda wa miaka, na nafasi yake huchukuliwa na hewa. Kwetu kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Kompyuta iliyosafirishwa juu ya pikipiki, mara imelazwa, mara imepinduliwa, hufika hewa yake ikiwa imetawanyika kila mahali. Ikibubujika dakika chache baada ya kuwashwa kisha ikanyamaza, hapana hitilafu. Isiponyamaza, yafaa izimwe na kutazamwa jinsi rejeta ilivyofungwa. Hewa hupanda mahali pa juu kabisa; pampu ikiwa ndiyo iliyo juu, hewa itakaa ndani yake na kuichakaza. Sehemu ya juu ya rejeta sharti iwe juu ya pampu. Kuiinamisha kompyuta polepole huku na huku mara nyingi huiondoa hewa katika pampu.

(Si kila mahali povu lilikuwa aibu. Cray-2, kompyuta ya Marekani ya mwaka 1985, ilitumbukizwa nzima katika kimiminika kisichopitisha umeme, nayo ikapewa lakabu yenye maana ya Mapovu.)

*Vuma* ni kitenzi cha sauti moja isiyokatika, kama upepo au ngoma ya mbali. Pampu nzima huvuma, na feni vilevile. Ubaya huanza pale mvumo unapogeuka kuwa *kwaruza*: uchafu umeingia katika pampu au fani ya mhimili wake imelika. Hapa mtu aweza kuikosea feni kwa pampu. Njia ya kuzitenga ni ile ya mafundi wa magari: chukua kijiti kikavu cha mti, ncha moja uigusishe kwenye kifuniko cha pampu, nyingine karibu na sikio, kisha uhamie kwenye fremu ya feni. Usitumie bisibisi ya chuma karibu na nyaya. Sauti *inayogongagonga* kwa mwendo sawasawa huwa ni ya feni, na mara nyingi ni waya tu unaoguswa na mapanga yake.

Msomaji ataona kwamba hapa urudufu umerejea. Hata hivyo nisingependa kuifanya hoja hii kuwa kanuni: *koroma* ni sauti ya kukatika, lakini haina silabi iliyorudiwa.

*Mluzi* mwembamba unaopanda na kushuka kadiri kazi ya kompyuta inavyozidi au kupungua hautoki majini hata kidogo. Hutoka katika koili za umeme, nao hauna madhara ila kwa masikio.

Limebaki neno lisilo la sauti: *kimya*. Kompyuta iliyokuwa ikikwaruza kisha ikanyamaza haikupona. Pampu imesimama. Gusa mipira: prosesa ikiwa ya moto na rejeta ikawa baridi, maji hayatembei. Prosesa nyingi hupunguza mwendo, kisha hujizima, joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Katika chumba chenye nyuzi 32 hatua hiyo hufikiwa upesi, kwani maji ya rejeta hayawezi kupoa kushinda hewa iliyo nje yake. Mtafiti aliyekuwa akihifadhi masimulizi ya wazee wa Kikusu aweza kupoteza rekodi iliyokuwa wazi wakati huo, na baadhi ya wasimulizi hawatapatikana mara ya pili.

Basi fundi akiambiwa kwa simu «inabubujika tangu iliposhushwa kwenye pikipiki», atajibu iinamishwe na kungojewa. Akiambiwa «ilikuwa ikivuma, jana ikakwaruza, leo kimya», ataagiza izimwe, diski itolewe na isafiri peke yake, na pampu mpya itafutwe.