Gazeti la Barazani

Katika miji midogo ya Tanganyika, gazeti halikuwa la mtu mmoja. Nakala ilikuja kwa jina la mwalimu au karani wa boma, lakini majirani nao walikuwa na haki yao: walikaa mkekani, naye akasoma kwa sauti. Mwambaoni walikuwapo wazee hodari wa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ilhali magazeti yalichapwa kwa herufi za Kirumi. Hapo mjukuu aliyesoma shule ndiye aliyemsomea babu, na babu akamfafanulia mjukuu maneno mazito.

Magazeti yenyewe yalianza zamani. Mwaka 1888 wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walianza kutoa gazeti la Msimulizi, lililokusanya habari za misheni za bara kama Magila na Masasi. Miaka michache baadaye Magila yenyewe, katika nchi ya Wabondei, ikapata gazeti lake, Habari za Mwezi. Kisha likaja Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliohitimu shule ile walitawanywa nchi nzima kuwa walimu, makarani na maakida, na huko walikokwenda waliendelea kuliandikia.

Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo, chini ya Idara ya Elimu. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema yaliyoipendeza serikali. Aliyetaka kusema mengine alisubiri mpaka 1937, Erica Fiah alipotoa gazeti lake, Kwetu. Hata hivyo, ndani ya Mambo Leo wananchi walijipatia uwanja wao, Habari za Miji, na mimi kurasa hizo nazithamini kuliko tahariri zote. Mtu aliandika kutoka mji ambao gavana huenda hakuwahi kuukanyaga, akaeleza mvua ilivyochelewa, nzige walivyotua, simba alivyosumbua zizi, nani amefariki na nani amehamishiwa wapi. Aliyehamishwa alikuwa na ndugu mahali pengine, nao walipata habari zake kwa njia hiyo. Barua ilianza kwa adabu, kwa kumwomba Bwana Mhariri nafasi kidogo, kama mgeni anavyobisha hodi.

Lakini kilichosubiriwa kwa hamu zaidi ni mashairi. Mtu alitoa swali kwa beti zenye vina na mizani, na aliyejiona anaweza akamjibu kwa bahari ileile. Majibu yalipishana kwa miezi, maana gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi, na barazani watu walishabikia upande wao mpaka toleo jipya lifike. Jibu lenye vina vilivyopwaya lilimwaibisha mshairi mbele ya nchi nzima. Katika kaditama mtunzi alitaja jina lake, mara nyingi na mji wake, na hivyo mji usiojulikana ukajulikana. Shaaban Robert, aliyefanya kazi ya ukarani Pangani na baadaye Mpwapwa, alichapisha mashairi yake katika Mambo Leo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, akathibitisha kwamba tungo za Kiswahili hazikuwa tena za watu wa pwani peke yao. Kwa maoni yangu, kurasa hizo zilifanya kazi kubwa kuliko shule nyingi katika kuwazoesha watu wa bara na wa pwani kuzungumza kama majirani.

Sehemu ya magazeti hayo imehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wa East Africana. Yapo mbali na miji iliyoyaandika. Natamani mwalimu wa historia wa Pangani au Mpwapwa apate nakala za kurasa zinazoutaja mji wake, azipeleke kwa wazee na kuwasomea kwa sauti, sasa hivi wakiwa bado hai wale wanaoweza kusema huyu alikuwa baba wa nani, na nyumba yake ilikuwa mtaa gani.