Dawa Ile Ile, Mwili Mwingine: Uzee na Matumizi ya Dawa

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Usemi huu hufasiriwa kwa kurejelea nguvu na urembo, ilhali unahusu pia jinsi mwili unavyoipokea dawa. Huko Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, kama kwingineko nchini Kenya, bahasha ya tembe huandikwa "1x3", yaani tembe moja mara tatu kwa siku. Maandishi hayo hayamtofautishi omongina wa miaka 80 na mjukuu wake wa miaka 20. Miili yao, hata hivyo, imetofautiana.

Kwanza, kadiri umri unavyosonga, maji na misuli hupungua huku kiwango cha mafuta kikiongezeka. Dawa inayoyeyuka katika mafuta hujificha humo. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dayazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huondoka mwilini kwa takribani saa 20. Kwa mzee wa miaka 80, muda huo hukaribia saa 90. Tembe ya kesho huikuta ya leo ingalipo. Matokeo yake ni kizunguzungu na usahaulifu, na katika miteremko ya Gusii, kuanguka na kuvunjika nyonga.

Pili, ini na figo hudhoofika. Baada ya miaka 40, uwezo wa figo kuchuja damu hupungua kwa takribani asilimia 1 kila mwaka kwa watu wengi. Diklofenaki inayomezwa kutuliza magoti huweza kuzidhuru figo hizo, kupandisha shinikizo la damu na kuleta vidonda vya tumbo. Glibenklamidi nayo huweza kushusha sukari kupita kiasi. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba haiwafai waliozidi miaka 60.

Hii haimaanishi kwamba mzee aache dawa, kwani kuacha ghafla huweza kuua. Kanuni ya matabibu ni kuanza na kipimo kidogo na kuongeza polepole. Mzee naye apeleke kliniki dawa zake zote, mitishamba ikiwemo, zikaguliwe pamoja.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Maelezo ya dawa hutoka katika Kiingereza, yakapitia Kiswahili, yakamfikia omongina kwa Ekegusii. Neno likipotea njiani, kipimo nacho hupotea. Kwa hiyo, tafsiri sahihi ya maelezo hayo ni sehemu ya tiba.