Utafutaji wa Rasilimali kwa Jina katika Programu za Android na Hatima ya Matini za Kiswahili

Makala haya yanafafanua namna programu tumizi ya simu inavyoipata rasilimali yake kwa jina, na kwa nini njia hiyo, ijapokuwa ni rahisi kuiandika, huweza kuipoteza matini ya Kiswahili bila yeyote kupata taarifa. Mfano wetu ni mfumo wa Android.

Katika Android, maneno, picha na sauti havichanganywi na msimbo. Huhifadhiwa katika folda iitwayo res, kila kimoja kwa jina lake. Programu inapojengwa, kila jina hupewa namba ya biti 32, na namba hizo huorodheshwa katika klasi iitwayo R. Kwa kawaida mwandishi wa programu hutaja, kwa mfano, R.string.karibu, na kompaila huhakiki kwamba jina hilo lipo. Likikosewa herufi moja, programu haijengeki.

Zipo hali ambapo jina halijulikani mpaka programu iwe inaendeshwa. Tuchukue programu ya ushauri wa mifugo inayopokea kutoka kwenye seva jina la mnyama na kutakiwa kuonyesha maelezo yake. Mwandishi huunganisha “ushauri_” na neno lililopokewa, kisha huita getIdentifier kwa kuipa jina, aina na kifurushi. Jina likipatikana, hurudishwa namba yake. Lisipopatikana, hurudishwa sifuri. Kwa kompaila, sifuri hiyo si kosa. Ikipelekwa kwenye getString, programu huanguka mikononi mwa mtumiaji. Nyaraka rasmi za Android haziihimizi njia hii, kwa hoja kwamba kutafuta kwa namba kuna ufanisi zaidi. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo hoja nyepesi kuliko zote.

Hoja iliyo nzito zaidi kwetu ni ya tahajia. Jina la rasilimali haliruhusu ritifaa. Seva ikituma “ng'ombe”, hakuna rasilimali inayoweza kuwa na jina hilo, na jibu litakuwa sifuri daima. Waandishi wengi huifuta ritifaa na kuendelea na kazi, ingawa katika Kiswahili alama hiyo hutofautisha maana: “ng'oa” na “ngoa” ni maneno mawili, nayo yakishafutiwa ritifaa huwa jina moja. Ni bora majina ya rasilimali yafuate msimbo wa kudumu uliokubaliwa, wala yasitokane na neno linaloonekana kwa msomaji. (Hata ndani ya matini yenyewe ritifaa haina raha: kwa kawaida hutanguliwa na alama ya \ katika faili.)

Picha na sauti zina hatari yake. Toleo la kusambazwa linapoandaliwa, chombo cha kupunguza ukubwa huondoa rasilimali ambazo msimbo hauzitaji. Katika hali yake ya tahadhari, chombo hicho huchunguza matini zilizomo katika msimbo na kubakiza rasilimali zenye majina yanayoshabihiana nazo, hivyo kiambishi kama “picha_” huweza kuziokoa. Hali kali ikichaguliwa, kinga hiyo huondoka, na majina yanayotakiwa kubaki lazima yaorodheshwe waziwazi kwa tools:keep.

Jambo linalopaswa kuwashughulisha zaidi washauri wa sera ni kwamba getIdentifier haijibu swali la lugha. Jina likiwamo katika folda ya msingi, yaani values, ambayo mara nyingi huwa ya Kiingereza, namba hurudishwa hata kama values-sw haina tafsiri yake. Mtumiaji aliyechagua Kiswahili husoma Kiingereza, na jaribio lililoandikwa kuangalia sifuri hupita. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jina lililomo katika values-sw pekee hupata namba, lakini kwenye simu ya Kiingereza programu huanguka.

Kwa nchi jirani zinazoshiriki lugha hii, mpangilio wa folda nao una uzito. Kabla ya Android 7.0, iliyotoka mwaka 2016, matini zilizowekwa katika values-sw-rKE pekee hazikuonekana kwenye simu iliyopangwa kwa Kiswahili cha Tanzania. Mfumo ulirudi moja kwa moja kwenye lugha ya msingi. Tangu toleo hilo, mfumo hutafuta pia kwa ndugu wa lugha moja. Hata hivyo, Kiswahili cha pamoja kikae katika values-sw, na folda za Kenya, Tanzania au Kongo zibebe tofauti tu. Mkaguzi ajihadhari na folda kama values-sw600dp: “sw” hiyo ni kipimo cha upana wa skrini, nayo haihusiani na Kiswahili hata kidogo.

Taasisi ya umma inayoagiza programu inaweza kudai mambo haya katika mkataba: ukaguzi wa Lint uitwao MissingTranslation uzuie ujenzi pale tafsiri inapokosekana, kila msimbo unaoweza kutumwa na seva ulinganishwe na majina yaliyomo katika values-sw kwenyewe, faili kwa faili, na toleo lililokwisha kupunguzwa ukubwa, si lile la majaribio, lifunguliwe kwenye simu iliyopangwa kwa Kiswahili kabla ya malipo ya mwisho.