Wambunga wa Ifakara, mbona lugha yenu imepelekwa kwa Wangindo?

Haya wadau, leo tuache Simba na Yanga kidogo. Ukiingia kafe ukatafuta lugha za bonde letu la Kilombero unakutana na namba kama za gari. Kipogoro G51, Kindamba G52. Sawa, majirani hao. Halafu Kimbunga: P15! Eti kundi moja na Kingindo (P14), Kimatumbi (P13) na Kirufiji (P12), wakati Wambunga wako hapo hapo Ifakara.

Namba hizo zinatokana na Mwingereza Malcolm Guthrie, aliyezigawa lugha za Kibantu kwa kanda mwaka 1948. Wengi tunakosea hapa, tunadhani herufi ni ukoo. Wapi! Ni kama sanduku la posta: barua inafika, lakini halisemi baba yako nani.

Ukoo unatafutwa kwa maneno ambayo watu hawaazimi ovyo: jicho, jino, moto, kufa. Unayapanga lugha kwa lugha, unaangalia sauti zinavyobadilika kwa utaratibu. "Shule" na "sukari" unatupa, kila mtu kaazima. Derek Nurse na Gérard Philippson walianza kupambanua lugha za Tanzania hivyo miaka ya 1970. Katika mpangilio wao wa 2003, Kimbunga kimerudishwa nyumbani, pamoja na Kipogoro na Kindamba, kundi la Kilombero.

Sasa usichanganye lugha na watu. Wambunga waliingia bondeni karne ya 19, kwenye zile vurugu za Wangoni, wakakuta wenyeji. Watu wanaweza kutoka mbali na lugha yao ikawa ndugu wa jirani. Na ramani nayo inadanganya: Kimalagasi kiko ng'ambo tu ya bahari yetu, ila ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Otto Dahl alilionyesha hilo mwaka 1951.

Kinachoniuma ni kwamba hapa Sanje mtoto wa mama Mpogoro na baba Mhehe anaongea Kiswahili tu (mimi mwenyewe kwa bibi nasikia tu, kujibu siwezi). Wazee wakiondoka, hayo maneno tutamuuliza nani?

Kama bibi yako ni Mmbunga au Mndamba, muulize leo jicho, jino na moto anavyoviita, uandike hapo chini na kijiji chake. Matusi ya kikabila nafuta.