Mwanao kapangiwa fildi ofisi ya afya, si wodini? Usisikitike

Mama mmoja wa Nyamagana alinipigia simu wiki iliyopita akiwa na manung'uniko. Binti yake yuko mwaka wa tatu wa udaktari. Wenzake wamebaki hospitali kubwa mjini Mwanza, wanavaa makoti meupe na kuzunguka wodini na mabingwa. Yeye kapangiwa wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya afya ya halmashauri, Misungwi.

"Daktari, nimemsomesha kwa kuuza dagaa," akasema. "Jana kaniambia ameshinda anahesabu vyoo na kunakili madaftari. Huo ndio udaktari?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Nimeona nilijibu hapa, maana najua si mama huyo peke yake anayeuliza.

Kwanza tuelewane. Hii siyo utarajali, ule mwaka mmoja ambao daktari aliyehitimu hufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Haya ni mafunzo ya afya ya jamii, anayopitia mwanafunzi akiwa bado chuoni. Wanaosomea uuguzi, maabara, afya ya mazingira na takwimu nao hupelekwa fildi kwenye ofisi hizi.

Ofisi hiyo inafanya nini?

Kila mkoa una Mganga Mkuu wake, na kila halmashauri ina wake pamoja na timu: waratibu wa malaria, chanjo, kifua kikuu na ukoma, afya ya mama na mtoto, mfamasia, maofisa afya na mtu wa takwimu. Hospitali humhudumia mgonjwa aliyefika. Timu hii inawajibika pia kwa yule ambaye hajafika na pengine hatafika kabisa.

Kwa Misungwi huyo anaweza kuwa mvuvi aliye mwaloni, mtoto anayeoga ziwani palipo na konokono wanaoeneza kichocho, au mama wa kijiji cha ndani anayelima mpunga na kuangalia ng'ombe. Anaweza pia kuwa msafiri. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na safari iliyokuwa ikisubiri kivuko sasa ni ya dakika chache. Ni jambo jema, lakini ugonjwa nao husafiri na watu. Kipindupindu kikitokea ng'ambo moja, ng'ambo ya pili inatakiwa kujua siku hiyo hiyo.

Inajuaje? Kwa yale madaftari. Kila zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mgonjwa wa nje akiingia, jina lake, umri, kijiji na ugonjwa vinaandikwa. Mwisho wa mwezi takwimu hujumlishwa, zinapelekwa halmashauri na kuingizwa kwenye kompyuta, na kutoka hapo mkoa na wizara huziona. Dawa, vipimo vya malaria na chanjo huagizwa kwa kuangalia namba hizo.

Sifuri niliyoiandika mimi

Nikiwa mwanafunzi nilipelekwa wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, ambayo sitaitaja. Nilipewa kazi ya kujumlisha taarifa za kila mwezi. Zahanati moja ilikuwa na wagonjwa wa kuhara, watoto chini ya miaka mitano, karibu kila mwezi. Mwezi wa mwisho nafasi hiyo ilikuwa tupu. Nikaandika sifuri na kuendelea, nikiwaza chakula cha mchana.

Ofisa afya, mzee mmoja mtaratibu, akapita nyuma yangu. "Binti, nani amekuambia ni sifuri?"

Nikamjibu kwamba hawakuandika kitu. Akasema, "Basi hujui. Sifuri maana yake tumetafuta, hatukumkuta mgonjwa. Tupu maana yake hakuna aliyetuambia. Twende."

Tukapanda pikipiki. Tulimkuta mhudumu mmoja, peke yake. Muuguzi alikuwa likizo ya uzazi na kitabu kilikuwa kimejaa. Mama yule alikuwa ameendelea kuhudumia watu kadiri alivyoweza, akiandika kwenye daftari la shule alilolihifadhi kwenye kabati. Watoto wa kuhara walikuwa wengi kuliko miezi yote ya nyuma. Pampu ya kijiji ilikuwa imeharibika, na watu walikuwa wamerudi kunywa maji ya lambo. Watoto wawili walikuwa wameshazikwa.

Siku ya pili zilipelekwa dawa za kuongeza maji mwilini na za kutibu maji, na fundi akaenda kwenye pampu. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Ile sifuri yangu ingepanda hadi mkoani na wizarani, na kila mtu angeisoma kwamba kijiji kile ni salama.

Wodini ningemkuta mtoto mmoja aliyeishiwa maji na kumtundikia dripu, na hilo lina thamani yake. Lakini hakuna dripu ambayo ingenionyesha pampu iliyoharibika. Ndiyo maana katika ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko zahanati hutakiwa kutuma taarifa hata pale ambapo hakuna mgonjwa, na waandike sifuri kwa mkono wao wenyewe.

Misungwi iliyofundisha dunia

Kama bado mtu anadhani kuhesabu ni kazi ya wasio na kazi, amuulize binti wa yule mama alikopelekwa ni wapi.

Januari 2019, vyandarua zaidi ya 147,000 viligawiwa katika vijiji 72 vya Misungwi. Watafiti wa NIMR, chuo cha tiba cha KCMC Moshi na vyuo vya London na Ottawa walitaka kujibu swali moja. Mbu walikuwa wameizoea dawa ya kawaida ya vyandarua, pairethroidi. Je, vyandarua vyenye dawa ya ziada vingesaidia? Maeneo yaligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilipata vyandarua vya kawaida, na matatu yalipata aina mpya.

Kisha ikaanza kazi ya kuhesabu. Watu walipita nyumba kwa nyumba, wakapiga hodi, wakaomba ridhaa, wakawatoboa watoto kidole kupima malaria, na wakarudi tena na tena. Baada ya miaka miwili, katika kundi la vyandarua vya kawaida, watoto 46 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na malaria. Katika kundi la vyandarua vilivyoongezwa dawa ya klofenapiri, ambayo humnyima mbu nguvu badala ya kushambulia neva zake, walikuwa 26.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo la kutumia vyandarua hivyo badala ya vile vya dawa moja pale ambapo mbu wamekuwa sugu. Ushahidi huo ulitoka Misungwi pamoja na utafiti kama huo uliofanyika Benin.

Utafiti huo huo ulionyesha pia jambo la kuuma. Kadiri muda ulivyokwenda, vyandarua vilichanika na watu wengi wakaacha kuvitumia. Kwenye stoo ya wilaya chandarua kilichogawiwa huhesabika kuwa kipo. Aliyeingia chumbani na kuomba kuonyeshwa kitanda ndiye anayejua kama kipo kweli. Hivyo hivyo kwa vyoo. Ukivihesabu barabarani ni vingi. Ukisogea unaona kipi kina njia iliyokanyagwa na kibuyu chirizi chenye maji, na kipi kimejengwa kwa ajili ya ukaguzi tu.

Ushauri wangu

Kwa mwanafunzi: jifunze kusalimia kabla ya kuuliza. "Mwangaluka, mayu" moja asubuhi itakufungulia mlango ambao koti jeupe halitaufungua. Usijaze nafasi tupu kwa kubuni, uliza. Usipige picha rejesta na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, maana majina yale ni ya watu na siri yao ni dhamana yako. Na kila siku andika jambo moja uliloliona ambalo halimo kwenye takwimu.

Kwa wanaowapokea: mwanafunzi si mtumwa wa kufuata chai na kutoa nakala. Mpe swali moja dogo la kweli, mfano kwa nini kijiji fulani wajawazito huchelewa kuanza kliniki, kisha siku ya mwisho mpeni dakika 15 awasilishe majibu mbele ya timu. Mkimsikiliza, huenda akaona kitu ambacho macho yenu yamekizoea.

Kwa mzazi: mtoto wa fildi anahitaji nauli, chumba salama na chakula. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, lakini asiyenufaika anakutegemea wewe. Jambo hilo mlipange mapema, kabla hajaondoka.

Nilimwambia mama wa Nyamagana, binti akipiga simu tena asimuulize amehesabu vyoo vingapi. Amuulize ni nyumba gani aliyoikuta haina choo, na nani anaishi humo. Akiweza kujibu, mama ajue ada yake haijapotea.