Lenzi Isiyofuata Jua

Mtambo wa kukoleza miali ya jua hupokea mwanga kwa kioo au lenzi pana, kisha huubana kwenye kipokezi kidogo. Kadiri mwanga unavyobanwa, ndivyo ulengaji unavyotakiwa kuwa sahihi. Jua linaonekana angani likiwa na upana wa nusu digrii hivi, nalo husogea digrii 15 kwa saa. Ndani ya dakika mbili tu limekwisha kupita upana wake lenyewe.

Hata hivyo, swali halikomi: lenzi ikibandikwa juu ya paneli ya paa, umeme utaongezeka mara ngapi? Hautaongezeka. Lenzi haizalishi mwanga. Ikiwa na ukubwa sawa na paneli, hupokea mwanga uleule ambao paneli ingeupata, na sehemu yake hupotea kwa kuakisiwa. Kinachobadilika ni mgawanyo: seli chache huchomwa na doa kali, zilizobaki hukaa gizani. Kwa kuwa seli zimeungwa mfululizo, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua mkondo, na silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi. Paneli huharibika, na mwenye nyumba huambiwa alinunua bandia.

Wapo wanaotetea lenzi kubwa kuliko paneli. Hiyo hukusanya mwanga zaidi kweli, lakini doa halitulii. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa mita moja husogeza doa lake milimita 17 kwa dakika nne. Baada ya saa mbili doa limehama zaidi ya nusu mita. Tena, mwanga uliotawanywa na mawingu, vumbi au unyevu hutoka pande zote, na hakuna lenzi inayoweza kuukusanya kwenye fokasi. Ndiyo maana mitambo mikubwa ya aina hii hujengwa penye anga kavu, kama Ouarzazate, Morocco. Hata kifaa cha mfereji kisichosogea, kwa kanuni alizoziendeleza mwanafizikia Roland Winston, kikipokea mwanga wa digrii 30 kila upande hakiwezi kuukoleza zaidi ya mara mbili. Kwa paa la kawaida, paneli ya pili ni jibu bora.

Anayehitaji kukoleza kweli ana njia kadhaa za kufuata jua. Vihisi vinne vya mwanga vilivyotenganishwa na kikuta huonyesha kwa kivuli jua limeelekea wapi. Ni rahisi, ila siku ya mawingu hufuata ukingo wa wingu linalong'aa. Tundu dogo mbele ya kamera hutoa taswira ya jua, na kompyuta hupata kitovu chake kwa usahihi mkubwa. Hesabu ya saa na mahali haihitaji kuona anga, lakini haijui kwamba nguzo ya mtambo imeinama. Kwa hiyo hesabu huusogeza mtambo karibu na jua, na kihisi humalizia. Vioo vinavyoelekeza mwanga kwenye mnara havitazami jua, bali katikati ya jua na mnara. Hurekebishwa kwa kurusha mwanga kwenye ubao mweupe unaopigwa picha, kwa sababu kosa la digrii 0.1 kwenye kioo huwa 0.2 kwenye mwali, karibu mita 1.7 kwa umbali wa mita 500. Vioo virefu vya mfereji hugeuka kwa mhimili mmoja tu. Katika mitambo midogo, safu ya lenzi ndogondogo huteleza milimita chache juu ya seli, na paneli yenyewe haigeuki.