UGONJWA AU NJAA: TUPIME VIPI?

Leo tunazungumzia swali lililozua ubishi katika nyumba nyingi wakati wa korona: je, ni sawa watu wafungiwe na wakose riziki ili ugonjwa usienee?

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia Aprili hadi Julai, watu walikatazwa kuingia au kutoka Nairobi na Mombasa.

Kwa nini hatua kali hivyo? Ugonjwa ulikuwa mpya na chanjo haikuwepo. Ya kwanza ilifika Kenya Machi 2021. Mtu aliweza kuwaambukiza wengine kabla ya kuhisi dalili. Wagonjwa wengi wakifika hospitali kwa pamoja, vitanda na oksijeni havitoshi, na hata mtoto mwenye nimonia hukosa nafasi. Kufunga shughuli hakuondoi virusi. Kunapunguza kasi yake ili hospitali zijitayarishe.

Lakini hatua hizo ziliumiza pia. Mama mboga huuza zaidi jioni watu wakitoka kazini, na jioni ndipo kafyu ilipoanza. Wafua nguo walikosa vibarua. Watoto waliokula chakula cha mchana shuleni walikikosa. Na njaa ni jambo la afya, mama. Mtoto aliyekosa lishe bora hushikwa na maradhi upesi. Kwa hivyo mizani hii haina afya upande mmoja na pesa upande wa pili. Maisha ya watu yako pande zote mbili.

Sisi wauguzi tunapompa mtoto dawa, tunampima uzito kwanza. Dawa kidogo haitamponya, na ikizidi itamdhuru. Kufunga shughuli nako kupimwe hivyo, kwa maswali matatu.

La kwanza: hatua hii inazuia maambukizi kiasi gani? Barakoa na madirisha wazi husaidia, na muuzaji anaendelea kuuza.

La pili: nani anabeba mzigo? Mwenye mshahara anaweza kukaa nyumbani mwezi mzima. Kibarua hula alichopata leo. Mwaka 2020 serikali ilipunguza kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini nafuu hiyo haimfikii aliyekosa pesa za kununua. Anayeambiwa asitoke ni lazima apate chakula.

La tatu: ni mpaka lini? Dawa huwa na siku zake, kisha mgonjwa huangaliwa tena. Shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021, na kuna wasichana ambao hawakurudi tena.

Sasa, wewe nyumbani ufanye nini ikitokea tena? Usiache kwenda kliniki. Wakati wa kafyu, akina mama waliogopa kutoka usiku hata uchungu ulipowashika. Jijini Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life, mpango wa kuwafikisha hospitalini bila malipo. Basi shika haya:

1. Chanjo ya mtoto isipitwe. Surua haingoji korona iishe. Anachanjwa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18.

2. Ukiwa mjamzito, panga usafiri mapema. Weka namba ya simu ya dereva wa karibu na ya mhudumu wa afya wa kijiji. Ukitokwa na damu, ukiumwa sana na kichwa, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda hospitali mara moja, hata usiku.

3. Usikatize dawa za kifua kikuu, ukimwi, presha au kisukari.

4. Endelea kunyonyesha. Hata mama mwenye korona hunyonyesha, akivaa barakoa na kunawa mikono.

5. Chakula kikipungua, mwambie mhudumu wa afya mapema, kabla mtoto hajakonda. Si aibu.

Mwambie na jirani yako.